Skonzi za Oti na Vitabu vya Akina Mama

Mwaka 1928, mji wa Nairobi ulipokuwa haujatimiza hata miaka thelathini tangu reli itokayo Mombasa iufikie, wanawake wa chama cha Kanisa la St. Andrew, ambalo ndilo lililokuwa kanisa la Waskoti wa mji huo, walikusanya maarifa yao ya jikoni, wakayaunga na maelezo ya kutunza nyumba katika nchi iliyokuwa ngeni kwao, wakapiga chapa kitabu walichokiita The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide. Kitabu hicho kilirudiwa matoleo mengi, na kadiri mambo ya nchi yalivyogeuka ndivyo jina lake lilivyogeuka pia, hata walowezi wakatoweka jaladani na yakabaki mapishi. Sikukitaja kwa kuwa ni bora kuliko vyote vya jinsi yake, maana sivyo. Nimekitaja kwa sababu ndicho kiungo cha karibu kati ya msomaji wa Kiswahili na fani ya uandishi ambayo wengi wetu tumepishana nayo njiani bila kuiamkia, yaani fani ya vitabu vya mapishi vinavyotungwa na jamii nzima, na kwa sababu chakula ninachokusudia kukieleza hapa, skonzi za oti, ni cha watu wale wale walioileta fani hiyo kwetu.

Kitabu cha jamii hakina mtunzi mmoja. Wanawake wa kanisa, wa shule au wa kijiji hukubaliana kila mmoja alete pishi moja au mawili ambayo jirani zake wamekwisha kumsifia. Karani wao huyapanga. Mwenye duka la nguo na mwenye duka la dawa huombwa walipie tangazo katika kurasa za nyuma ili gharama ya chapa ipungue. Kisha kitabu huuzwa, na faida hutengeneza paa la kanisa, au hununua vitanda vya wagonjwa, au hulipa deni la kinanda. Chini ya pishi huandikwa jina la aliyelitoa, aghalabu kwa heshima ya wakati wake, yaani Bibi Fulani kwa jina la mumewe, na jina hilo lilikuwa dhamana kamili. Mwanamke aliyetia jina lake chini ya keki isiyoumuka alijua kwamba Jumapili ijayo atakutana mlangoni mwa kanisa na wale walioharibu mayai yao kwa ajili yake, wala sidhani kama yuko mhariri wa gazeti au mpishi wa hoteli aliyepata kuishi chini ya hukumu kali kama hiyo.

Asili ya fani hii hutafutwa Marekani, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ambapo mwaka 1864 mjini Philadelphia bibi mmoja aitwaye Maria Moss alitoa A Poetical Cook-Book ili kiuzwe katika maonyesho ya kuchangia majeruhi wa jeshi la Kaskazini. Vita vilipokwisha, wanawake walikuwa wamekwisha kuonja ladha ya kushika fedha zao wenyewe, wala hawakuwa tayari kuiacha. Desturi ikavuka mpaka ikaingia Canada, ambako The Home Cook Book cha mwaka 1877 kilitungwa na mabibi wa Toronto na wa miji mingine ya Canada kwa faida ya hospitali ya watoto wagonjwa, ikavuka na bahari ikafika Australia, ambako wanawake wa Kipresbiteri wa jimbo la Victoria walianza mwaka 1904 kuuza kitabu chao kwa ajili ya kazi za misheni.

Lakini kisa nikipendacho kuliko vyote ni cha Milwaukee. Huko Bibi Lizzie Black Kander alikuwa akiwafundisha upishi mabinti wa Kiyahudi waliohamia kutoka Ulaya ya Mashariki, nao walikuwa wakipoteza sehemu kubwa ya darasa kwa kunakili mapishi ubaoni, basi akaenda kwa wanaume waliokuwa wakisimamia nyumba ya hisani lilimokuwa darasa hilo, akawaomba dola 18 ili ayapige chapa. Wakamkatalia. Bibi huyo hakujibizana nao. Aliwaendea wenye maduka akauza matangazo, akapatana na mpiga chapa, na mwaka 1901 zikatoka nakala 1,000 za kitabu ambacho kikaja kuitwa The Settlement Cook Book, kikauzwa miaka nenda miaka rudi hata kikapita nakala milioni moja, na faida yake ikasaidia kununua kiwanja cha jengo jipya la nyumba ile ile. Kwa hiyo mabwana waliozibana dola 18 walijikuta na jengo ambalo, kwa sehemu yake, lilisimama juu ya unga na siagi.

Uskoti nao ulikuwa na vyama vyake. Chama cha wanawake wa kanisa kilianzishwa mwaka 1887 kwa juhudi za Archibald Charteris, mwanachuoni wa dini wa Edinburgh, na matawi yake ndiyo yaliyowafuata Waskoti popote walipojenga kanisa, Nairobi ikiwamo. Baadaye, mwaka 1917, katika kijiji cha Longniddry, kikaanzishwa chama cha wanawake wa mashambani na Catherine Blair, mke wa mkulima, ambaye miaka michache nyuma alikuwa akiwahifadhi shambani kwake, huko Hoprig Mains, wanawake waliotoka gerezani kwa kosa la kudai kura. Mikono iliyowaficha wale waliokuwa wakisakwa na polisi ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kuwaongoza wanawake wa vijijini katika mafunzo na mashindano ya mikate na jamu, na anayedhani kwamba kazi ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza hajapata kuwaona wanawake wa kijiji kimoja wakiyahukumu maandazi ya kijiji cha pili.

Msomaji aliyezoea vitabu vya upishi vya siku hizi, vyenye picha ya kila hatua na maneno mia ya kumbembeleza mtu avunje yai, atashtuka akifungua kimojawapo cha vitabu hivi. Nakala ninayoitumia mimi, ya chama cha wanawake wa parokia moja ndogo ya mashariki ya Uskoti, niliyopewa hiba na mwalimu wangu alipostaafu, imelimaliza pishi la skonzi za oti kwa mistari mitano, na ndani ya mistari hiyo mna vipimo vya ratili na wakia, mna agizo la kutia maziwa ya kutosha, mna tanuri kali, basi. Haisemi kutosha ni kiasi gani, wala ukali wa tanuri hupimwaje, wala skonzi ikatwe umbo gani. Wako wanaouita ufupi huo upungufu, nami naona wamesahau anayeandikiwa ni nani. Bibi yule alimwandikia jirani aliyekwisha kuziona skonzi hizo zikimegwa mezani, akazila, akauliza zilivyopikwa, naye akamwekea karatasini yale ambayo jicho lisingeyashika, yaani vipimo. Yaliyosalia aliyaacha kwa kuwa yalikwisha kuonekana. Mama zetu wa pwani wamekwenda mbali zaidi ya hapo, maana wao hata kipimo hawakitaji: mwulize bibi wa Mji Mkongwe sukari kiasi gani katika mkate wa kumimina, atakwambia kadiri yake, na ukirudia swali atakutazama kama mtu aliyeulizwa idadi ya pumzi zake.

Oti yenyewe ni nafaka ya nchi za baridi na mvua. Ngano hudai jua ili ikomae na kukauka shambani, na jua ndilo bidhaa adimu kuliko zote katika Uskoti. Oti huridhika na udongo mwembamba, kiangazi kifupi na mbingu ya mawingu, na kwa hiyo kwa karne nyingi ndiyo iliyokuwa riziki ya Mskoti asubuhi na jioni, ikisongwa uji, ikichomwa mikate myembamba mikavu, ikitiwa katika mchuzi, na hata ikishindiliwa ndani ya tumbo la kondoo pamoja na maini na moyo wake. Samuel Johnson, mwanachuoni wa Kiingereza, katika kamusi yake mashuhuri ya mwaka 1755, aliieleza kwa kejeli kuwa ni nafaka ambayo kwao hupewa farasi, bali kwa Waskoti hulisha watu. Nao Waskoti, ambao hawajapata kukosa jibu kwa Mwingereza, husema kwamba ndiyo sababu huko kuna farasi bora na kwao kuna watu bora. Nyanda za juu za Kenya zimeamua kumfuata Johnson: huko Nyandarua na kandokando yake mkulima hupanda oti kwa ajili ya ng'ombe wake wa maziwa, naye huifyeka ingali mbichi kabla haijazaa punje za kusaga, na ile inywewayo uji mezani huletwa kwa kopo kutoka dukani.

Katika Uskoti wa zamani unga wa oti ulikuwa ni fedha. Vibarua wa mashambani walipokea sehemu ya ujira wao kwa unga huo, wakautia katika kasha kubwa la mbao lililowekwa mahali pakavu pa nyumba, na kwa kuwa oti ina mafuta mengi kuliko ngano, na mafuta hayo huchacha yakipata hewa, ilikuwa kaida kuwaosha watoto miguu, kuwapandisha ndani ya kasha, na kuwaacha waukanyage unga mpya mpaka ushikamane na kubakiza hewa kidogo iwezekanavyo. Hata vyuo vikuu vilikuwa na siku yao ya mapumziko katikati ya muhula, iliyoitwa Jumatatu ya Unga, iliyokusudiwa kumpa mwanafunzi wa kimaskini wasaa wa kurudi kwao akajaze tena mfuko wake wa oti, ili elimu isikatike kwa njaa. Nimesoma habari nyingi za ukarimu wa vyuo vikuu. Sijakutana na wowote wenye akili ya nyumbani kuliko huo.

Skonzi ilizaliwa juu ya chuma kabla ya kuingia tanurini. Nyumba ya mkulima haikuwa na tanuri. Ilikuwa na bamba la chuma la mviringo, lenye mpini wa upinde, lililoning'inizwa juu ya moto, ambalo mpika chapati yeyote wa Kiswahili angelitambua mara moja na pengine kuuliza bei yake. Donge lilitandazwa mviringo, likakatwa msalaba vipande vinne, kila kipande kikawa na ubavu mmoja wa upinde na miwili iliyonyooka, kikachomwa upande huu kisha upande huu. Hapo kale kilikuwa bapa. Kilichokiinua ni karne ya kumi na tisa, ilipoleta magadi safi ya kupikia, na baadaye beking pauda, ambayo Alfred Bird, mwuza dawa wa Birmingham, aliitengeneza mwaka 1843 kwa sababu mkewe alidhurika kwa hamira na mayai. Magadi hayo ni ndugu wa yale ambayo akina mama wa Afrika Mashariki hulainishia maharagwe, na ambayo Ziwa Magadi limejaa tele, illa yametoharishwa zaidi. Yakikutana na ukali wa mtindi hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo, ikitafuta njia ya kutokea, ndiyo inyanyuayo donge. Mtindi nao haukuhitaji kununuliwa, maana kila nyumba yenye ng'ombe ilisuka maziwa ili ipate siagi, na kilichobaki baada ya siagi kutolewa kilikuwa ni hicho hicho.

Vipimo nivifuatavyo ni nusu ratili ya unga wa ngano, yaani takriban gramu 225, robo ratili ya chenga za oti, wakia mbili za siagi, kijiko kimoja kikubwa cha sukari, chumvi nusu kijiko cha chai, magadi ya kupikia kiasi hicho hicho, beking pauda vijiko viwili vya chai, na mtindi wa kikombe kimoja, ukiwa na mwingine kidogo pembeni. Nasema chenga kwa makusudi. Unga wa oti uliosagwa laini kabisa hutoa skonzi isiyo na tabia, na ile oti ya makopo, iliyopigwa mvuke na kubanwa bapa viwandani, huwa pana mno na hutokeza mdomoni kwa vipande; aliye na hiyo tu aitwange kwa mapigo machache kinuni, aache punje nyingine nzima nyingine nusu. Kisha chenga hizo ziloweshwe ndani ya mtindi kwa muda wa nusu saa, maana oti huvuta maji polepole, na mpishi mwenye pupa atadhani donge lake ni majimaji, ataongeza unga, na atakapolitoa tanurini litakuwa kavu.

Oti haina ule mnato wa ngano ushikao mkate pamoja, na ndiyo sababu ngano lazima iwepo, tena iwe nyingi kuliko oti. Lakini mnato huo huo ukichokozwa sana hufanya skonzi kuwa ngumu, basi kazi nzima ya mpishi ni kuupata bila ya kuuamsha wote. Unga wa ngano, chumvi, sukari, magadi na beking pauda huchekechwa pamoja bakulini, kisha siagi, ambayo sharti iwe baridi na ngumu, hukatwa vipande vidogo na kufikichwa ndani ya unga kwa ncha za vidole, viganja vikiwekwa mbali kwa sababu ya joto lake, mpaka pasionekane tena siagi na unga uwe wa chembechembe. Hapa ndipo hali ya hewa ya pwani huingilia kati. Mtu wa Edinburgh hafikirii joto la vidole vyake. Mtu wa Tanga au Mombasa, mwezi wa Februari, huiona siagi ikigeuka mafuta kabla haijafikia unga, na mafuta yaliyoyeyuka hulowesha unga badala ya kuuzunguka, skonzi ikatoka nzito na yenye kung'aa chini. Dawa yake ni kupika alfajiri, na kuliweka bakuli pamoja na unga wake ndani ya jokofu usiku kucha, na kuosha mikono kwa maji ya barafu. Mpishi anayeona hayo ni makeke mengi kwa ajili ya skonzi na asubiri msimu wa kusi.

Mtindi wenye chenga humiminwa katikati ya unga kwa mara moja, na huchanganywa kwa kisu butu, wala si kwa mkono, kwa kupitisha na kugeuza, mpaka pasiwe na unga mkavu pembeni. Tangu dakika hiyo magadi yamekwisha kuanza kazi yake, nayo hayangoji. Anayeacha donge ili akaitike simu atarudi akute hewa imekwenda zake. Donge humwagwa juu ya meza iliyonyunyizwa unga, hukandwa kwa upole mara mbili tatu tu ili uso wake ulainike, hubonyezwa kwa kiganja mpaka liwe mviringo wenye unene wa inchi moja, halafu hukatwa vipande vinane kwa kisu kikali kinachoshuka wima. Kisu kikivutwa huku na huku huziba kingo, na kingo zikizibwa upande mmoja huinuka na mwingine hulala. Mimi hupaka juu yake mtindi uliobaki, na kunyunyiza chenga chache.

Ule ukali wa tanuri ambao kitabu kiliuacha bila maelezo ni nyuzi 220 za Selsiasi, na asiyekuwa na kipimo anyunyizie unga kidogo juu ya sinia tupu ndani ya tanuri: ukigeuka rangi ya kahawia kabla hajamaliza kupangusa meza, tanuri liko tayari, ukiwa mweusi, afungue mlango kidogo. Baada ya dakika 12 hivi, au 15 kwa tanuri vivu, skonzi huwa zimepanda na kuachana zenyewe katika mistari ya kisu, na ukiigonga moja kwa chini hutoa sauti ya kitu kitupu. Ndani yake ni ya rangi ya maziwa, yenye madoa ya oti, nayo hutoa harufu ya nafaka iliyokaangwa, harufu ambayo skonzi ya ngano tupu haina wala haitapata. Huliwa ingali moto, kwa siagi na asali, au kwa jibini kama walavyo Waskoti wengi, na katika nyumba yetu huliwa kwa chai ya tangawizi, jambo ambalo halimo kitabuni wala sioni kwa nini liwemo.

Sasa narudi Nairobi, maana hapo pana jambo ambalo majina yaliyopigwa chapa chini ya mapishi hayalisemi. Katika nyumba za walowezi aliyefikicha siagi hakuwa memsahibu. Alikuwa mpishi, mwanamume, Mwafrika, aghalabu mwenye kijana wa jikoni chini yake, na jikoni kwake kulikuwa ni kibanda kilichojitenga na nyumba kubwa, chenye moto wa kuni na mawe, na pasipokuwa na jiko la kizungu tanuri lilikuwa debe la mafuta ya taa lililolazwa ubavu, makaa yakawekwa chini na mengine yakapaliwa juu. Namna hiyo ya kupalia makaa haikuwa ngeni kwa watu wa pwani, ambao mkate wao wa kumimina umekuwa ukiiva kati ya mioto miwili tangu zamani. Bibi alisoma kitabu, akatafsiri kwa Kiswahili cha kuunga-unga, na kile kilichokuwa kimefupishwa mara moja na mwandishi kikafupishwa mara ya pili kinywani mwake. Kwamba Kiswahili hicho kilikuwa haba tunalo la kutuonyesha, kwani kilitungiwa hata vitabu vyake, mashuhuri kati ya hivyo kikiwa Up-Country Swahili cha Le Breton, cha mwaka 1936, ambacho jaladani mwake kilijitangaza kuwa ni cha askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Kutoka katika maagizo hayo ya maneno machache mpishi alitakiwa atoe skonzi ambazo wageni wa saa kumi wangezisifu, naye akazitoa. Akajua kwa macho yake maziwa ya kutosha ni kiasi gani, na kwa mgongo wa mkono wake debe limekuwa kali kiasi gani.

Kwa kipimo changu mimi, yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa nusu ya pili ya kila pishi, ile ambayo haikuandikwa. Vitabu vya jamii vya Uskoti viliweza kuwa vifupi kwa sababu mwandishi na msomaji walikuwa majirani. Kile cha Nairobi kiliweza kuwa kifupi kwa sababu alikuwapo mtu jikoni wa kujaza mapengo, na mtu huyo hakuwa mwanachama, hakuombwa pishi, wala Jumapili hapakuwa na mtu wa kumngojea mlangoni ampe hongera au lawama. Sisemi hivyo ili kuwatia hatia mabibi waliokwisha kufa, ambao walifanya kama walivyofanya wenziwao wa wakati ule. Nasema kwa kuwa kitabu ambacho fahari yake yote ni majina kina haki ya kuulizwa juu ya majina.

Ziko siku hizi skonzi nyingine ambazo kila mtoto wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam anazijua, zile za kioski na duka la mkate, za mviringo, laini, zenye sukari na zilizoumuliwa kwa hamira, ambazo Mskoti akipewa atauliza kwa adabu ni mkate gani. Sina ugomvi nazo. Zimeacha magadi, zimeacha mtindi, zimeacha oti, zikabakiza jina na kikombe cha chai, nazo zinawalisha wafanyakazi wengi kwa siku moja kuliko wote waliopata kualikwa katika karamu za walowezi.

Kile chama cha wanawake wa kanisa, ambacho Nairobi kilianza na Waskoti, leo ni chama cha maelfu ya wanawake wa Kiafrika katika Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, na mfano wa vyama vya wanawake haukosekani popote kati yetu, vya kanisa, vya madrasa, vya upatu na vya kuzikana. Vingi vyake hutafuta fedha kwa kuuza kanga na kupika katika arusi. Ningependa kukiona kimojawapo, cha Lamu au Pangani au Unguja, kikitoa kitabu cha kurasa mia moja, chapa ya kawaida, tangazo la mwuza viungo nyuma yake, na ndani yake mkate wa mofa, vitumbua, kaimati, mkate wa kumimina, visheti, pamoja na skonzi za oti zikitakiwa, kila pishi na jina la aliyelipika kwa mkono wake. Fedha za chapa zitapatikana; Bibi Kander alizipata kwa watu wagumu zaidi. Shida itakuwa siku ya kuyapanga majina, kwani naujua mtaa mmoja ambao una mabibi watatu walio hai, kila mmoja na wafuasi wake, na kila mmoja anaapa kwamba mkate wa kumimina unaopikwa na wale wawili wengine walijifunza jikoni kwake.